Raha ipi ni bora? Msikilize kwanza Bentham

Ukianza kusoma falsafa ya manufaa, ile inayopima wema wa tendo kwa raha linayoleta, swali hili la raha ipi ni bora utakutana nalo mapema. Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, hakuzipanga raha kwa madaraja: mchezo wa kitoto ukimpa mtu raha kuliko ushairi, basi una thamani kuliko ushairi. John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyemfuata, akakataa: kwake raha za akili ni za daraja la juu kuliko za mwili. Katika kitabu chake cha 1863 anasema afadhali binadamu asiyeridhika kuliko nguruwe aliyeridhika, na anayefaa kuamua ni yule aliyezionja raha zote mbili.

Wengi humkimbilia Mill, nadhani kwa sababu anatusifu sisi wapenda vitabu. Nakushauri usiharakishe.

Bentham ana vipimo 7 vya raha: ukali, muda, uhakika, ukaribu, uzazi, usafi, na wingi wa watu inaowafikia. Shikilia uzazi, yaani raha kuzaa raha nyingine. Mimi video fupi za simuni nazipenda, sijifanyi mtakatifu. Ni za uhakika na ziko karibu, kiganjani kabisa. Lakini nikishazima simu, hata ile ya mwisho sikumbuki ilihusu nini. Gitaa nilipojifunza lilinitesa: ncha za vidole zilivimba, nyuzi zikawa zinakoroma badala ya kulia. Kwenye kipimo cha usafi, yaani raha isiyochanganyika na maumivu, lingefeli vibaya. Ila siku hizi ukipigwa wimbo niliokua nao, nasikia besi ikitembea chini ya sauti ya mwimbaji, kitu ambacho masikio yangu yalikuwa yanakipita tu. Nyimbo za zamani zimekuwa mpya. Na kueleza hayo yote sijahitaji kusema raha ya gitaa ni ya daraja la juu. Hesabu ya Bentham imetosha.

Mill nampa haki yake hapa: anasema uwezo wa kufurahia mambo ya juu ni kama mche mwororo, usipotunzwa hufa. Kwa hiyo ukitaka kujipima kwa kipimo chake, usijipime usiku ukiwa hoi, maana simu itashinda tu. Jipime ukiwa na nguvu, na raha zote mbili bado unazifanya.

Halafu kipimo hicho cha Mill usikigeuze kuwa fimbo ya kuwachapia wengine. Anayekesha akitazama mpira huenda anaona jinsi mabeki wanavyopanda na kushuka kwa pamoja, wewe unaona watu 22 wanakimbia. Kwa masharti ya Mill mwenyewe, kwenye kesi hiyo huna sifa ya kuwa hakimu.