Dimsamu mezani na jikoni: tunajibu maswali ya Malindi na Lamu

Maswali haya ni ya wasomaji wa Malindi na Lamu, na tumeyapanga kuanzia mkahawani hadi jikoni. Majina ya vyakula tumeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye menyu, ili uyatambue ukikabidhiwa karatasi.

Tuko wanne na ni mara yetu ya kwanza kwenda mkahawa wa Kichina. Menyu ya dimsamu ni ndefu mno. Tuagize nini, na kiasi gani? (Barani, Malindi)

Dimsamu ni vyakula vidogo vidogo vya Wakantoni, watu wa Guangdong na Hong Kong, na huliwa pamoja na chai kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kikapu kimoja cha mianzi kwa kawaida huwa na vipande vitatu au vinne, kwa hiyo ulizeni idadi kabla ya kuagiza. Kikapu cha vitatu kwa watu wanne huleta kuachiana kusikokwisha.

Kosa linaloharibu meza nyingi ni kuagiza vyote kwa mpigo. Manda ya har gow, ile ya kamba, ni wanga mtupu. Ikitoka kwenye mvuke hung'aa na kunyumbuka, lakini ikianza kupoa hukakamaa na kugandana na kikapu. Vikapu kumi vikifika pamoja, nusu yake mtavila vikiwa vimekwisha utamu. Agizeni vitano au sita kwanza, mle, kisha mwongeze vitatu au vinne, na mwambieni mhudumu alete kidogo kidogo.

Anzeni na vya mvuke vyepesi: har gow, siu mai, yaani vifuko vya nyama vilivyoachwa wazi juu, na cheung fun, ambayo ni shuka laini ya unga wa mchele iliyokunjwa juu ya kamba au nyama na kumwagiwa soya sosi tamu. Vya kukaanga vifuate, na hapo tunapendekeza wu gok, majimbi yaliyopondwa na kukaangwa hadi ganda lake likafanya matundu matundu. Lo mai gai, wali wa kunata uliofungwa kwa jani la yungiyungi, hushibisha sana. Mmoja unawatosha wanne. Tati za mayai, vikombe vidogo vya unga vyenye kastadi, ziwe za mwisho.

Mikahawa mingi ya kisasa haitembezi toroli. Unapewa karatasi ya kutia alama, na kikapu kinaingia kwenye mvuke baada ya wewe kuagiza. Mtasubiri kidogo, lakini hiyo ndiyo dimsamu bora zaidi. Ya kwenye toroli huzunguka ukumbini huku mvuke ukiilowesha.

Mkahawa umeniambia "hatuuzi nyama ya nguruwe." Hilo linatosha kwa Mwislamu? (Langoni, Lamu)

Halitoshi, mama yetu, na swali lako ndilo tunalotaka kulijibu kwa kirefu kuliko yote.

Siu mai ya asili ni nguruwe na kamba, na char siu bao ni mkate wa mvuke wenye nguruwe wa kuchoma. Hivyo watu wanavijua. Wanachopitiwa nacho ni mafuta. Har gow kwenye menyu imeandikwa "kamba" tu, lakini kwa desturi mjazo wake hutiwa chembe za shahamu ya nguruwe ili usikauke, na manda yake hukandwa kwa mafuta hayohayo. Tati za mayai za mtindo wa zamani nazo hukandwa hivyo. Lo mai gai inaitwa ya kuku, lakini mara nyingi ndani yake mna lap cheong, soseji kavu ya nguruwe. Soseji hiyo hiyo imo katika lo bak go, keki ya figili nyeupe, ambayo mtu anaweza kuiagiza akidhani ni mboga tupu.

Kisha kuna divai ya mchele ya Shaoxing. Wapishi wa Kichina huitumia kuondoa shombo ya kuku, ng'ombe na kamba, na haitajwi kwenye menyu kwa sababu kwao ni kiungo kama tangawizi. Na hata mjazo ukiwa safi, tazama vyombo: vikapu hupangwa kimoja juu ya kingine, na majimaji ya kile cha juu hudondokea cha chini. Roli za mboga huenda zimekaangwa katika karai lililokaangia kila kitu.

Basi usiulize kama kuna nguruwe peke yake. Uliza manda imekandwa kwa mafuta gani. Uliza kama mjazo umetiwa divai ya mchele. Uliza nyama imetoka kwa mchinjaji gani, na kama sufuria ya mvuke na karai ni za peke yake. Mhudumu akisita, mwombe aingie jikoni kuuliza, kwa sababu anayejua ni mpishi. Cheti cha halali kikiwa ukutani, soma tarehe ya mwisho wake. Soya sosi ya kuchachusha huwa na kileo kidogo kinachojitokeza chenyewe, na hukumu yake mwulize shehe wako.

Usidhani unakosa kitu ukichagua mkahawa wa halali. Siu mai ya paja la kuku na kamba ni tamu kwelikweli. Ya kidari ndiyo hutoka kavu.

Kwa nini wanaleta chai chungu isiyo na sukari, tena wanailipisha? (Maweni, Malindi)

Kwa Wakantoni, kwenda kula dimsamu huitwa "kunywa chai," kwa hiyo chai ndiyo iliyowakutanisha na chakula kimeisindikiza. Hulipiwa kwa kichwa, na birika huongezwa maji bila malipo mengine. Haitiwi sukari wala maziwa kwa sababu ileile inayotufanya tunywe kahawa chungu na halua: inasafisha kinywa ili tonge linalofuata lipate nafasi. Pu-erh, nyeusi na nzito, inafaa vyakula vya mafuta. Asiyeipenda aagize ya maua ya krisanthemamu, nyepesi na haina kafeini.

Wamiminie wenzako kwanza, wakubwa wakitangulia. Birika likiisha, acha kifuniko wazi au kilaze pembeni, mhudumu ataelewa. Ukimiminiwa, gonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili. Hiyo ndiyo asante, na haikatizi mazungumzo.

Xiaolongbao, zile manda zilizofungwa na supu ndani, zimeniunguza ulimi na supu ikamwagikia kanzu. Zinaliwaje? (Mkomani, Lamu)

Pole, ndugu yetu. Ishike juu, kwenye fundo la mikunjo, uinyanyue polepole na uitue kwenye kijiko cha supu. Kule chini manda ni nyembamba, ukiishika huko itachanika. Ing'ate tundu dogo ubavuni, acha mvuke utoke kama nusu dakika, fyonza supu, kisha weka siki nyeusi na nyuzi mbili tatu za tangawizi, ule iliyobaki kwa mara moja.

Hii si ya Wakantoni. Asili yake ni Nanxiang, Shanghai. Supu yake huwekwa ndani ikiwa imegandishwa, na kinachoigandisha kwa kawaida ni mchuzi wa ngozi za nguruwe. Ipo inayotengenezwa kwa mchuzi wa kuku, lakini usiile kabla ya kuuliza.

Ni kweli dimsamu ililetwa pwani yetu na meli za Zheng He, yule amiri wa China? (Mambrui)

Meli zile ni kweli, dimsamu siyo. Msafara wa Zheng He ulifika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 15. Twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415, na hapo kwenu Mambrui wanaakiolojia wa Kenya na China walichimbua sarafu ya enzi yake mwaka 2010. Lakini dimsamu kama tunavyoijua ilishamiri katika nyumba za chai za Guangzhou karne ya 19, na har gow ni changa zaidi, ya karne ya 20.

Kamba tunao, tena wabichi. Lakini har gow nikipika nyumbani, mara manda inapasuka, mara inageuka gundi. Ninakosea wapi? (Ngomeni)

Sababu huwa mojawapo ya hizi: umetumia unga wa ngano wa kawaida, au maji yako hayakuwa yanatokota.

Manda ya har gow hutaka wanga wa ngano, yaani unga uliokwisha kuoshwa ukatolewa mnato wake. Usipoupata dukani, utoe mwenyewe. Kanda nusu kilo ya unga mweupe kwa maji hadi uwe donge la chapati, liache nusu saa, kisha ulifinyefinye ndani ya bakuli la maji hadi libaki pande la kuvutika kama mpira. Maji yale meupe yachuje, yalaze kwenye friji usiku kucha, mwaga maji ya juu, na wanga uliotuama uukaushe juani, uusage na kuuchekecha.

Changanya gramu 100 za wanga huo na gramu 50 za wanga wa muhogo. Si unga wa muhogo wa ugali. Ni ule wanga laini mweupe wanaoutumia baadhi ya wapishi wa halua. Tia robo kijiko cha chai cha chumvi. Mimina mililita 180 za maji, yote kwa mpigo, yakiwa bado yanatokota, koroga haraka kwa mwiko, funika dakika tano. Likitoka donge la kumeguka kama mchanga, maji yalikuwa yamepoa na wanga haukuiva. Hapo hakuna kukanda kutakakosaidia, anza upya. Likikubali, tia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia na ukande likiwa na joto hadi liwe nyororo. Wanga wa muhogo ndio unaoleta kunyumbuka, na ukiuzidisha ndipo unapopata gundi.

Kamba nunua nusu kilo wakiwa na vichwa. Wakishamenywa hubaki karibu gramu 250. Kichwa kiwe kimeshikana na mwili na kisiwe na weusi. Toa uzi wa mgongoni, wasugue kwa kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha konfulawa, waoshe kwa maji baridi, kisha uwakaushe kwa kitambaa hadi wasiloweshe mkono. Hatua hii ndiyo inayowafanya wawe wa kukatika menoni, na maji yakibaki yatageuka mvuke ndani na kuipasua manda. Nusu yao waponde kwa ubapa wa kisu, nusu uwakate vipande vya sentimita moja. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kimoja cha sukari, kimoja cha mafuta ya ufuta, kimoja cha konfulawa, pilipili manga nyeupe kidogo, na kijiko kikubwa cha mafuta badala ya shahamu. Koroga kwa kuelekea upande mmoja tu hadi mchanganyiko unate, uweke kwenye friji nusu saa.

Gawa donge vipande vya gramu 12. Utapata kama 25. Vifunike kwa kitambaa chenye unyevu, maana feni ya dari huvikausha kwa dakika chache na manda iliyokauka hupasuka kwenye mikunjo. Kimoja kimoja kipake mafuta, ukibane kwa kisu kipana hadi kiwe duara la sentimita 8. Weka kijiko cha chai kilichojaa cha mjazo, kunja upande mmoja mikunjo saba au zaidi, ubane na ule mwingine. Ukishindwa mikunjo, nusu mwezi inatosha. Utamu ni uleule.

Tandika jani la mgomba lililopakwa mafuta na kutobolewa, panga har gow zikiachana vidole viwili. Kifuniko kikiwa cha bati kifunge kitambaa, la sivyo matone yatadondoka na kuzitoboa. Cha mianzi hunywa unyevu chenyewe. Maji yawe yanachemka kwa nguvu kabla hujaweka kikapu. Dakika tano hadi sita, basi. Ukizidisha, kamba hunywea na manda hulegea. Ukifungua, subiri dakika moja kabla ya kuzinyanyua, kwa sababu zikitoka tu hunata na kuchanika.

Mikate yangu ya mvuke hutoka na madoa ya njano, kisha hunywea ikajaa makunyanzi. (Shela, Lamu)

Madoa ni beking poda ambayo haikuenea. Ichekeche pamoja na unga, mara mbili. Kunywea kuna sababu mbili: unga umeumuka kupita kiasi, au umefunua kifuniko ghafla.

Kwa gramu 250 za unga mweupe na 50 za konfulawa, tia gramu 40 za sukari, kijiko cha chai cha hamira, kimoja cha beking poda, kijiko kikubwa cha mafuta, na mililita 150 za maziwa vuguvugu. Joto la Lamu huharakisha hamira, kwa hiyo usifuate saa za mapishi ya nchi za baridi: donge huwa tayari kwa dakika 40 hivi, na mikate iliyokwisha kujazwa haihitaji zaidi ya 15 au 20. Mkate ulio tayari ukiubonyeza hurudi polepole, usiporudi, umechelewa. Mjazo uwe mzito na uliopoa, maana ukiwa wa moto huyeyusha unga wa chini. Pika dakika 12 kwa moto wa wastani, zima, sogeza kifuniko kidogo tu, na uiache dakika tatu au nne kabla ya kuifunua.

Nilibeba zilizobaki, kesho yake zikawa ngumu kama plastiki. Zinarudi? (Kisumu Ndogo, Malindi)

Zinarudi, zikilala kwenye friji na sio mezani. Wanga uliopoa hukakamaa, na mvuke ndio unaoulainisha tena: har gow dakika tatu, siu mai nne au tano, mikate sita. Maikrowevu hukausha kingo kabla katikati hapajapata moto. Usirudie mara ya pili, hasa zenye kamba.

Ukitaka akiba ya kugandisha, siu mai mbichi ndiyo inayofaa. Ipike bila kuiyeyusha, dakika kumi hadi kumi na mbili. Har gow mbichi manda yake hupasuka ikiganda, kwa hiyo ipike kwanza, ipoe, ndipo uigandishe.