Mi namtaja Tommy Haas, na sababu zangu hizi hapa

Wiki hii mmetuuliza: ni mwanamichezo gani hakuwahi kubeba kombe kubwa kabisa la mchezo wake lakini kwako wewe ni bingwa? Wengi najua watataja watu wa mpira. Mi naenda kwenye tenisi, namtaja Tommy Haas wa Ujerumani, mzaliwa wa Hamburg, mwaka 1978.

Najua Mjerumani yeyote wa tenisi anapimwa na watu wawili. Boris Becker kachukua Wimbledon 1985 akiwa na miaka 17, Steffi Graf ana Grand Slam 22 (Grand Slam ndo mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi: Australia, Paris, Wimbledon na US Open). Hata Michael Stich anayo moja, Wimbledon 1991. Haas hana. Nusu fainali 3 Melbourne kwenye Australian Open, moja Wimbledon, fainali hata moja hakuna. Kwa hiyo ukisoma karatasi tu utasema huyu alikuwa mchezaji mzuri basi, na hapo ndipo nasemaga watu hawajamwangalia vizuri.

Alipelekwa Florida akiwa bado kijana mdogo, kwenye kituo cha kocha Nick Bollettieri, kule alikopita bingwa Andre Agassi. Mwaka 2000 Olimpiki ya Sydney akamtoa Roger Federer wa Uswisi nusu fainali (huyu aliyekuja kuwa bingwa mkubwa alikuwa kijana wa miaka 19, aliondoka bila medali), akapoteza fainali kwa Kafelnikov kwa seti tano, akarudi na medali ya fedha. Mei 2002 akawa namba 2 duniani. Bekhendi (pigo la upande usio wa mkono wako wa raketi) ya mkono mmoja, safi mno, mpira unatoka kwenye raketi kama haujasukumwa na mtu.

Halafu mwezi mmoja tu baada ya hapo wazazi wake wakapata ajali ya pikipiki, mbaya sana, baba yake akawa kwenye koma. Tommy akaacha Wimbledon ya mwaka ule akakaa na familia. Hata hajatulia vizuri bega la kulia nalo likagoma, akapasuliwa, mwaka 2003 wote hakugusa mashindano. Na jamani kwa asiyejua tenisi, bega la mkono unaochezea ndo kila kitu, kila sevu (pigo la kuanzisha pointi) unanyanyua mkono juu ya kichwa unapiga kwa nguvu zako zote, mechi moja ndefu ni mara mia na zaidi, sasa mtu aliyeshonwa bega anaanzia wapi?

Alianza. 2004 akachukua mataji mawili, Houston na Los Angeles. Na hapa naomba msomaji ahesabu na mimi maana ndo hoja yangu yote ilipo: Haas kastaafu na mataji 15 ya ATP (ligi ya dunia ya tenisi ya wanaume). Kabla ya lile bega alikuwa nayo 5, likiwemo la Stuttgart 2001 lililokuwa kubwa kuliko yote. Mengine 10 kayachukua baada ya kupasuliwa, tena katikati humo akapasuliwa tena, 2010 nyonga na kiwiko, na baada ya mataji hayo bega likarudi 2014, 2016 mguu. Theluthi mbili ya mataji ya mtu huyu zimetoka kwenye mwili ambao ulishakarabatiwa. Kuna mabingwa wakubwa tu wa Grand Slam ambao wangepasuliwa vile wangeshaacha zamani, wala nisingewalaumu.

Paris 2009 bado inaniuma. Siku moja kabla Söderling kamtoa bingwa mtetezi Nadal, Paris nzima inajua hii nafasi ni ya Federer, raundi ya nne anakutana na Haas. Haas kachukua seti mbili za kwanza. Seti ya tatu anaongoza 4-3, Federer anasevu, 30-40, pointi ya breki (ya kuchukua gemu ambayo mpinzani anasevu), yaani akiipata hii anasevu kumaliza mechi. Mpira ukaja upande wa bekhendi ya Federer, akauzunguka akapiga foihendi (pigo la upande wa mkono wa raketi) kwa kona, ukaanguka jirani kabisa na mstari. Ndani. Kuanzia pale Federer akachukua seti zote tatu zilizobaki, moja kwa 6-0, na wiki ile ile akabeba French Open, ya pekee aliyowahi kuibeba maishani. Sentimita chache tu aisee. Nikiona hesabu za Grand Slam za Federer naukumbukaga mpira ule.

Atakayesema Haas alikuwa anaachia mechi, ni kweli, sitabisha. US Open 2006 robo fainali aliongoza seti mbili kwa Davydenko na bado akapoteza. Alikuwa na hasira pia, anajigombeza mwenyewe uwanjani mechi nzima. Ila mtu anayeachia mechi kwa sababu ya moyo mdogo hawezi kufanya alichofanya Paris 2013 dhidi ya John Isner: alikosa pointi za mechi (pointi ambayo ukiipata mechi imeisha) 12, kumi na mbili!, seti ya nne ikapotea hivyo hivyo, seti ya tano Isner naye akapata pointi ya mechi, Haas akaiokoa, akashinda 10-8 kwenye pointi yake ya 13. Miaka 35 huyo.

Na kabla ya hapo mwezi wa tatu, Miami, akamchapa Djokovic namba moja wa dunia 6-2 6-4. Mwaka 2012 Halle, Ujerumani, aliingia kwa tiketi ya mwaliko, namba 87 duniani, fainali akamfunga Federer, na Federer huyo huyo wiki chache mbele akachukua Wimbledon. Haas alikuwa keshapata binti kipindi hicho na alisema wazi anataka mtoto amuone baba yake akicheza, na kwa kweli alimuona, tena akicheza tenisi bora kuliko ya vijana wengi wa kipindi kile, maana 2013 alifika namba 11.

Stuttgart 2017 sasa, nyasi, miaka 39, namba 302 duniani, keshakuwa hata mkurugenzi wa mashindano ya Indian Wells kule Marekani. Anakutana na Federer ambaye mwaka ule ashabeba Australia, Indian Wells na Miami. Seti ya kwanza kapigwa 6-2. Ya pili kaokoa pointi ya mechi, akaichukua kwa tai-breki (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6), ya tatu 6-4. Mwezi uliofuata Federer akabeba Wimbledon bila kupoteza seti hata moja. Haas yeye akaenda Kitzbühel, akapoteza kwa Mjerumani mwenzake Jan-Lennard Struff, na hiyo ndo ikawa mechi yake ya mwisho kwenye ATP.