Adresi inarudi na baiti 24 badala ya 25

Mkuu, hiyo uliyouliza, ya adresi ya Bitcoin kuingia na baiti 25 ukiienkodi (kugeuza baiti kuwa maandishi ya Base58, yaani alama 58 za herufi na tarakimu) afu ukidikodi (kurudisha maandishi kuwa baiti) unapata 24, wala si kosa la cheksamu (baiti za mwisho za kukagua makosa), ni sifuri ya mwanzo imemezwa. Iko hivi, kodi yako inageuza baiti zote kuwa namba moja kubwa inaigawa kwa 58 tena na tena, kila baki inakuwa herufi moja, sasa namba haijui sifuri za mbele, 007 na 7 kwake kitu kilekile, na adresi zinazoanza na "1" baiti yao ya kwanza ndo sifuri yenyewe.

Unapoenkodi hesabu baiti za sifuri za mwanzo, kila moja iandikie "1", ukirudi hesabu hizo "1" uzirudishe sifuri. Usifanye kama mimi, nilijazia tu sifuri mpaka zifike 25, testi zote zikapita, kumbe hata adresi iliyokatwa "1" ya mbele inapita freshi tu!

Jaribu hashi (zile baiti 20 zinazofuata baiti ya kwanza) ya sifuri tupu 20, lazima adresi ianze na "1" 21 mfululizo, moja ya baiti ya kwanza na 20 za hashi. Na testi ianzie pia kwenye maandishi, dikodi kisha enkodi, linganisha herufi kwa herufi.