Jibu: Mzee ana lehemu (kolesteroli) juu, aache kidari cha ng'ombe moja kwa moja?

Mleta mada, umesema mzee wako yuko Masasi, kapimwa kakutwa na lehemu juu, na nyumbani mmegawanyika: wengine wanataka asiguse tena kidari, mwenyewe kanuna. Waliotangulia wamemaliza kwa kusema nyama nyekundu ni sumu. Mimi nauza supu hapa Mtwara mjini, na nyumbani nampikia mama mkwe mwenye tatizo hilohilo, kwa hiyo nitajibu ya jikoni. Ya dawa na vipimo mwachieni daktari wake.

Kidari kina mafuta, hakuna ubishi. Kwa vipimo vya ng'ombe wa Marekani (wetu wa kuchungwa wanaweza kutofautiana), gramu 100 za kidari kibichi na mafuta yake zina kama gramu 19 za mafuta. Ukiyaondoa yanayoonekana, zinabaki kama gramu 7. Nyama ni ileile, kazi ni ya kisu. Ila kisu hakifanyi kitu kama buchani wameshakukatia vipande vidogo vidogo na mifupa yake. Omba pande zima. Utaona tabaka la mafuta juu, na mkanda mwingine katikati, pale nyama mbili zinapokutana. Vyote hivyo vinatoka. Kilo utalipia ileile, na wa bucha atakushangaa. Wangu alizoea kuniongezea tonge la mafuta kama nyongeza, siku hizi namwambia ampe mwingine.

Kinachobaki kitokee kwenye sufuria. Kidari ni kigumu, kinataka moto mdogo saa mbili tatu, na muda huo mafuta yanayeyuka na kupanda juu. Epua, acha yatulie, inamisha sufuria kidogo uyachote kwa upawa. Mwenye friji anapata zaidi: supu ikipoa kidogo iingize, asubuhi utakuta mafuta yameganda juu, meupe ya kumanjano, unayabandua kwa mwiko kama ukoko. Usiiache mezani usiku kucha, joto la kwetu mnalijua. Supu iliyobaki chini ina ladha yote. Wateja wangu wanaotaka "mafuta juu" nawapa, hela yao, lakini mama mkwe hapati.

Sasa hapa ndipo wengi wa kusini tunapojidanganya. Unamkataza mzee kidari, halafu jioni unamwekea kisamvu kilichoungwa kwa tui zito. Mafuta ya ng'ombe, karibu nusu yake ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya. Ya nazi ni zaidi ya asilimia 80. Shirika la Afya Duniani linataka mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu wa kilokalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22 tu. Tui zito linazimaliza haraka. Kisamvu kiungeni kwa korosho ya kusaga, sehemu kubwa ya mafuta yake si ya aina hiyo. Lakini kwa kiasi, maana korosho nayo inanenepesha.

Kiasi cha nyama: ushauri wa wataalamu wa saratani ni nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikishapikwa. Mgawieni mara mbili tatu, siku nyingine samaki, dagaa, kunde, mbaazi. Asiikose kabisa, maana madini ya chuma na vitamini B12 vilivyomo mtu mzima anavihitaji. Chumvi punguzeni, hasa kama ana presha.

Nundu uliyouliza mwishoni siwezi kuitetea. Mafuta yake yamesokotana na nyama, kisu hakina pa kuanzia. Hiyo abaki nayo ya harusini, kipande kimoja.

Akirudia vipimo tuletee mrejesho.