Nina kilo 61. Nimeze dawa ya mkojo ili nipande farasi wa mbio?

SWALI: Habari mwalimu. Nina miaka 20, naishi Dagoretti, na huu ni mwezi wa nane nikiwa saisi, yaani mtunza farasi, katika zizi moja pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Nataka kuwa mpanda farasi wa mazoezi. Nina kilo 61. Mwenzangu anasema nishuke hadi 52: nikimbie nikiwa nimejifunga nailoni, tena nimeze dawa ya mkojo, ile ya kukojoza maji yatoke mwilini. Nifanye hivyo kwa muda gani?

JIBU: Usifanye hata siku moja, kijana wangu. Hizo kilo tisa hakuna aliyekuomba.

Swali hili siku hizi nalitambua kabla halijaulizwa. Nikiona kijana midomo imembabuka, anatema mate kikombeni ili apungue gramu mbili tatu, najua ameshashauriwa. Na mshauri wake kwa kawaida ni mtu ambaye hajawahi kumpanda hata punda.

Mnachanganya kazi mbili. Joki, yule anayepanda siku ya mashindano, hupimwa pamoja na tandiko lake, kabla na baada ya mbio, kwa sababu farasi wake amepangiwa uzito wa kubeba siku hiyo. Mpanda farasi wa mazoezi anapanda saa kumi na mbili asubuhi, na hapo hakuna mizani. Farasi mwenyewe ana karibu kilo 480. Mimi nina wapandaji wa kilo 63 na 65, na sijasikia farasi akilalamika.

Anachotaka mwalimu wa farasi ni saa iliyo kichwani mwako. Akikwambia falongi mbili za mwisho, sekunde 15 kila moja, anamaanisha 15. Falongi ni kama mita 200. Ukizikata kwa 13 watu wa pembeni watakushangilia, kumbe Jumatano umeshaimaliza nguvu ya Jumapili, siku ya mbio.

Baada ya saa, mikono. Farasi anayevuta ukimvuta naye anakuegemea, na katika mashindano hayo huwezi kumshinda. Unazikutanisha hatamu mbele yako, unazishika zikiwa zimepandana na kulala juu ya shingo, kisha unatulia. Akivuta anaivuta shingo yake mwenyewe. Ila ili utulie hivyo lazima uchuchumae juu ya vikuku vya kukanyagia vilivyofupishwa, makalio hewani, mgongo umenyooka, mpaka mapaja yanawaka moto. Kazi hiyo inafanywa na misuli, na misuli bila maji na chakula haifanyi kitu. Ukijikausha unatupa kile kile unachoajiriwa nacho.

Nailoni haiyeyushi mafuta. Inazuia jasho lisikauke, mwili unachemka, na maji uliyotoa yanarudi ukinywa chupa mbili. Dawa ya mkojo ni mbaya zaidi, maana pamoja na maji inatoa potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Tena nina hofu na kabati la dawa za farasi. Furosemaidi ni dawa ya mkojo, na ile ya sindano ya farasi ina miligramu 50 katika kila mililita. Ile ya kawaida ya binadamu ina 10. Ya farasi imepimwa kwa mnyama wa karibu nusu tani. Atakayekwambia “vuta kidogo tu” hajasoma lebo.

Katika zizi moja nililofanya kazi, ambalo silitaji, kijana alishikwa na mkakamao wa paja kwenye kona. Alianguka kama gunia, akavunjika mtulinga, na farasi akaendelea peke yake hatamu zikimpiga miguuni. Hospitali walikuta potasiamu imeshuka vibaya. Alikuwa na kilo 54, na hakuna aliyemwambia apungue.

Hata majoki, ambao mizani inawahusu kweli, jambo hili limewala. Fred Archer wa Uingereza alikuwa bingwa mara 13. Alijinyima chakula na kunywa dawa kali za kuharisha, na mwaka 1886 akajiua akiwa na homa, mwili umedhoofu, miaka 29 tu. Waingereza wamechelewa kuamka: vyumba vya mvuke wa kutoa jasho viliondolewa kwenye viwanja vyao vya mbio mwaka 2021. Huku kwetu bado kuna watu wanauza majani ya kuharisha kwenye mifuko ya plastiki na kuyaita “chai ya majoki”.

Wewe mwombe mwalimu wako akupe farasi mzee mtulivu, mwendo wa kutembea na mbio za taratibu, na umvalishe ukanda wa shingoni wa kushika akishtuka, usije ukaning'inia kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni mwake. Jioni egemea ukuta kama umekaa kwenye kiti, ukihesabu. Kunywa maji, kula ugali wako.

Na kama ulishaanza kumeza, acha leo. Ukihisi moyo unaruka mapigo au miguu inakakamaa, nenda hospitali mara moja na uwatajie dawa yenyewe, hata kama uliitoa kwenye kabati la farasi.