Kwa mwalimu mpya anayejiuliza Mungu amemleta kijijini kufanya nini

Wadogo zangu mliopangiwa vituo mwaka huu,

Kila zinapotoka ajira mpya napigiwa simu na vijana niliowalea UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, walipokuwa sekondari. Wanaanza na shikamoo mwalimu, wanamshukuru Mungu kwa ajira, wananitajia wilaya, kisha sauti inashuka. "Mwalimu, ni mbali mno. Hivi kweli hili ndilo kusudi la Mungu kwangu?" Swali hilo nalijua. Mwaka 2007 nililiuliza nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi, kwenye lori lililonipeleka shule ya kata ambayo hata utingo alikuwa hajawahi kuisikia.

Miaka ile shule za kata zilikuwa zikifunguliwa kila upande kwa MMES, mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, na madarasa yalikuwa yakisimama haraka kuliko walimu walivyopatikana. Mimi nilikuwa na shahada ya ualimu, Hisabati na Fizikia. Nilikuwa pia na daftari gumu nililoliandika kwenye mkesha mmoja chuoni, ukurasa wa kwanza umeandikwa "Kusudi la Maisha Yangu": shahada ya pili, kufundisha chuo kikuu, huduma ya vijana mjini. Chini yake nikaweka Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Najua wengi wenu mnao mpango kama huo, siku hizi unakaa kwenye simu.

Halmashauri niliyoripoti ilichukua miezi minne kuniingiza kwenye orodha ya mishahara. Fedha ya kujikimu ilikwisha wiki ya tatu. Nilianza kuongopa kwamba nimefunga, kumbe sina cha kupika. Mama mmoja, mzee wa kanisa wa usharika wa pale, alikuja nyumbani jioni moja na nusu debe ya mahindi kichwani na jembe mkononi. Akaketi, akanisalimu taratibu, kisha akasema, "Mwanangu, mgeni siku mbili. Zako zimeshapita." Akanionyesha kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya mwalimu, akaniambia mvua haziko mbali. Nilimshukuru kwa mahindi. Jembe liliniudhi. Mtu mwenye shahada, aliyeandika kusudi lake kwa wino, anapewa jembe!

Nililiegemeza ukutani likakaa hapo. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho kabla sijamaliza muhula. Nikakopa hela kwa mwalimu mwenzangu, nikamtumia mtumishi mmoja wa mjini aliyekuwa akiombea watu kwa simu, kama mbegu. Akanitabiria kwamba ndani ya miezi miwili nitakuwa nimeondoka. Nikaanza kuishi kama abiria. Sanduku sikulifungua lote. Majina ya wanafunzi sikuyashika, kwani ya nini? Kufundisha nilifundisha kwa kukopi notsi ubaoni na kutoka.

Miezi miwili ikaisha, na wa tatu ukaisha.

Hapo ndipo nilipoisoma Yeremia 29 yote kwa mara ya kwanza. Nilikuwa Mkristo tangu utoto, nimekariri mstari wa kumi na moja, nimeuandika kwenye kadi za watu, lakini sikuwa nimejua kwamba ni barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu akawapelekea watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli, watu waliokuwa wamekaa mkao wa kurudi. Sura ya nyuma yake, ya 28, yuko nabii Hanania. Yeye aliwaambia watu walichotaka kusikia: ndani ya miaka miwili mizima vyombo vya hekalu vitarudi na mateka watarudi. Yeremia akasema ni miaka sabini. Na katika hiyo miaka sabini, hawa watu wafanye nini? Mstari wa tano: "Jengeni nyumba, mkae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Mstari wa saba unawaambia wauombee amani mji ule ule uliowachukua, kwa kuwa amani yao wenyewe imo ndani ya amani ya mji huo.

Nilisoma huku natazama lile jembe ukutani, nikalia. Yule mama hakuwahi kuniambia amenisomea Yeremia. Alinitendea Yeremia. Na mimi nilikuwa nimemlipa Hanania kwa hela ya mkopo.

Ndugu zangu, ahadi ya mstari wa kumi na moja ni ya kweli na nimeiona. Ila ilitolewa kwa watu walioambiwa kwanza wapande bustani. Ukiikata kutoka kwenye barua yake inakuwa hirizi.

Kesho yake nilienda ofisi ya taaluma kutafuta vitabu, nikakuta majarida ya darasa ya mwaka uliopita yamefungwa kwa kamba ya katani. Mnalijua jarida: kiranja anaandika kipindi, mada iliyofundishwa, mwalimu anasaini. Nikafungua la kidato cha kwanza, ambao kwangu walikuwa kidato cha pili. Kwenye Hisabati, Jumatatu: "hakuna mwalimu". Jumanne: "hakuna mwalimu". Kiranja, mtoto wa miaka kumi na mitano hivi, aliandika maneno hayo kwa mwandiko safi, wiki baada ya wiki, muhula mzima, wala hakuna aliyeyasoma. Mahali pachache palikuwa na saini ya mwalimu mmoja wa muda, kisha "hakuna mwalimu" tena. Nikafungua na jarida la mwaka wangu. Saini yangu ipo. Lakini nilijua moyoni kwamba kwa zile wiki zangu za kukopi notsi, kiranja angekuwa mkweli zaidi kama angeendelea kuandika alivyozoea.

Sikusikia sauti kutoka mbinguni siku ile. Nawaambia hili kwa sababu vijana wengi mnangoja sauti. Nilichokuwa nacho ni jarida, jembe na barua ya Yeremia, na vyote vitatu vilisema neno moja. Waefeso 2:10 inasema matendo mema "tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo". Mimi nilikuwa nimeyatafuta kwenye daftari langu, kumbe mengine yalikuwa yameandikwa na kiranja.

Nilipokuwa nasoma mambo ya kale ya kanisa letu, nilimpenda mmisionari Krapf kwa sababu hiyo. Johann Ludwig Krapf hakuja pwani yetu kwa kuwa aliitaka. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo wa Ethiopia, akafungiwa njia ya huko, akazunguka kwa bahari akafika Mombasa mwaka 1844, akitumaini ni mlango wa nyuma. Mwezi wa Juni mwaka huo huo, akiwa bado anasubiri, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Julai mkewe Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa siku chache baadaye. Makaburi yako ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Utume wa kwa Waoromo aliouota hakuupata. Kamusi ya Kiswahili aliyoikusanya ilichapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Na mwenzake Rebmann, aliyefika mwaka 1846, alikaa miaka 29, akaondoka mwaka 1875 macho yakiwa yamekaribia kupofuka, na walioamini walikuwa wachache mno.

Kazi ya Krapf ambayo sisi tunaila leo ni ile aliyoifanya barazani akingoja kwenda kwingine.

Sasa, kumtegemea Mungu. Maneno haya tunayatumia vibaya, na mimi nilikuwa wa kwanza. Baada ya moyo wangu kugeuka niliingia kosa jingine: niliomba sana na kuandaa kidogo. Nilikuwa napiga magoti alfajiri kuwaombea kidato cha pili wafaulu, halafu naingia darasani bila andalio la somo, nikisema Roho ataniongoza. Nikafundisha milinganyo nikakwama ubaoni mbele ya watoto arobaini na mmoja. Mkuu wa shule, ambaye ni Mwislamu, aliniita pembeni akaniambia kwa upole, "Mwalimu, dua yako ni nzuri. Na hesabu zako zifanye usiku." Nilipokea kama neno la Mungu, na sijabadili mawazo.

Picha iliyonisaidia ni mana, Kutoka 16. Pishi moja kwa mtu, ya siku moja. Ya walioiweka mpaka asubuhi iliingia mabuu. Mana ilishuka yenyewe, wala hakuna aliyeilima, lakini kila mtu alitoka hemani akainama akaiokota kabla jua halijaiyeyusha. Kumtegemea Mungu kwangu kukawa ni huko kuinama. Nilianza kuomba kwa kipimo cha siku: Bwana, nipe kipindi cha leo, nionyeshe mtoto mmoja ambaye hajaelewa. Miaka kumi ijayo niliacha kuiulizia. Zaburi ya 119 inaliita Neno "taa ya miguu yangu", na aliyetembea usiku na koroboi anajua taa ya miguu inamulika wapi.

Tulianza kusoma hesabu jioni kwa chemli. Mwaka 2009 walipofanya mtihani wa kidato cha nne, kati ya arobaini na mmoja waliofaulu Hisabati walikuwa sita. Sita tu. Mwaka uliotangulia hakufaulu hata mmoja. Sikuandika ushuhuda wa kushangaza popote, ila maharage ya nyuma ya nyumba niliyala misimu mitano.

Msinielewe vibaya kuhusu uhamisho. Mwenye ndoa anayeishi mbali na mwenzake, mgonjwa anayehitaji kliniki, binti anayesumbuliwa na mtu mwenye cheo: ombeni kuhama, na huyo wa mwisho asingoje, atoe taarifa leo hii. Mungu hakumweka mtu mahali ili aonewe. Mimi mwenyewe nilihama baadaye. Ninachokikataa ni kukaa mahali huku umeshaondoka.

Jingine, na hili nalitilia mkazo: darasani kuna Waislamu, kuna wasio na dini. Hawakuja kuhubiriwa kwenye kipindi cha Fizikia. Kipindi cha dini kipo kwenye ratiba, usharika upo, kaimbe na kufundisha huko. Kwenye Fizikia wanakudai Fizikia, na Wakolosai 3:23, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana," iliandikiwa watumwa waliokuwa wakifanya kazi ambazo hakuna aliyeziita huduma.

Wapo pia kati yenu ambao hamkuupenda ualimu. Mlifuata alama, au mkopo. Sitawalaumu, na Mungu hashindwi na jinsi ulivyoingia. Yusufu alifika Misri kwa kuuzwa.

Mnaporipoti, bebeni chandarua, nakala za vyeti, na akiba yoyote mliyonayo maana mshahara unaweza kuchelewa. Tafuteni kanisa Jumapili ya kwanza, kaeni viti vya mbele ili wazee wawaone. Kisha wiki hiyo hiyo nendeni kwa mwalimu wa taaluma, mwombe jarida la mwaka uliopita la darasa mtakalofundisha, msome kwenye safu ya somo lenu kiranja ameandika nini.