Ubongo wa Kijana Kizimbani: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na wanafunzi wangu wameniuliza jambo lililonishinda. Tumesoma kwamba Marekani hairuhusu tena adhabu ya kifo kwa mtu aliyeua akiwa na miaka 17, na mojawapo ya hoja ni kwamba katika umri huo ubongo haujakomaa. Lakini wanasaikolojia wa hukohuko waliwahi kuieleza mahakama kwamba msichana wa umri huo anaweza kuamua mwenyewe kuhusu kutoa mimba. Inakuwaje ubongo uleule uwe umekomaa hospitalini na mchanga kizimbani?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Mgongano huo aliutaja Jaji Antonin Scalia mwaka 2005, alipopinga uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Roper dhidi ya Simmons, uliopita kwa majaji 5 dhidi ya 4 na kufuta adhabu ya kifo kwa makosa yaliyotendwa kabla ya miaka 18. Hata hivyo, mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kupima hoja kwa utulivu, ukiwa na muda wa kufikiri na mtu mzima wa kukushauri, ni uwezo unaokaribia kiwango cha watu wazima mtu afikapo miaka 16 hivi. Kujizuia wakati damu imechemka, au wenzako wanapokutazama, huchelewa zaidi, kwa sababu maeneo ya ubongo yanayohusika na hisia na tamaa ya kupata raha huamshwa na balehe, ilhali sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso na inayosaidia kuzuia pupa, huendelea kujengeka hadi miaka ya ishirini na kitu.

Jaribio moja lililochapishwa mwaka huohuo wa 2005 linalionyesha jambo hili vizuri. Washiriki waliendesha gari katika mchezo wa kompyuta, taa ikageuka njano, na kila mmoja akaamua asimame au aendelee. Walipocheza peke yao, vijana wa miaka 13 hadi 16 hawakutofautiana sana na watu wazima. Walipowekwa na wenzao chumbani, vijana walijihatarisha zaidi kwa kiasi kikubwa, na watu wazima hawakubadilika.

Hapo ndipo ugumu wa kesi ya Simmons unapojitokeza, na sipendi kuuficha. Simmons, kijana aliyeshtakiwa katika kesi hiyo, hakuua kwa hasira za ghafla. Alipanga, na aliwaambia wenzake kwamba wangeepuka adhabu kwa sababu walikuwa na umri mdogo. Kwa maoni yangu, hoja ya pupa haimsaidii sana mtu wa namna hiyo. Kilichomwokoa kina uzito zaidi: tabia ya kijana bado inajengeka, na hata wataalamu hushindwa kutofautisha upotovu utakaopita na ule usiorekebishika. Picha ya ubongo haiwezi kumwambia jaji kijana huyu mmoja atakuwa nani akifika miaka 40, kwa maana sayansi hii huzungumzia wastani wa watu wengi. Kwa hiyo haifuti hatia, bali inatia shaka adhabu isiyoacha nafasi ya kupitiwa upya.

Mahakama hiyo iliendelea na njia hiyo kwa muda. Mwaka 2010 ilikataza kifungo cha maisha bila parole, yaani bila nafasi ya kuachiliwa mapema kwa masharti, kwa vijana ambao hawakuua. Mwaka 2012 ikakataza sheria zinazomlazimisha jaji kutoa kifungo hicho hata kwa aliyeua. Mwaka 2016 ikaamua kwamba katazo hilo la pili linawafikia pia waliofungwa zamani. Henry Montgomery, aliyeua mwaka 1963 akiwa na miaka 17, aliachiliwa mwaka 2021 akiwa na miaka 75, baada ya bodi ya parole kumkatalia mara mbili. Lakini mwaka huohuo mahakama iliamua kwamba jaji halazimiki kutamka kwanza kuwa kijana harekebishiki kabla ya kumfunga maisha bila parole, na hivyo ulinzi ukapungua makali.

SWALI: Je, sayansi hii inahusu adhabu tu, au pia kijana anapohojiwa na polisi?

JIBU: Inahusu sana, na huenda hapo ndipo inapohitajika mapema zaidi. Katika kesi ya J.D.B. dhidi ya North Carolina, mwanafunzi wa miaka 13 alitolewa darasani na kuhojiwa katika chumba kilichofungwa mlango kwa angalau dakika 30, bila kuelezwa haki zake wala kupewa nafasi ya kumpigia simu bibi yake aliyemlea. Alikiri. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliamua kwamba umri lazima uzingatiwe katika kupima kama mtu alikuwa chini ya ulinzi wa polisi, hali inayompa haki ya kuelezwa kwamba anaweza kunyamaza na kupata wakili. Kijana huona kwa uzito zaidi nafuu iliyo karibu, yaani kurudi nyumbani leo, kuliko kifungo kilicho mbali, na kwa sababu hiyo anaweza kukiri hata asilotenda. Mwaka 2021 jimbo la Illinois lilikuwa la kwanza kuwazuia polisi kuwadanganya walio chini ya miaka 18 wakati wa mahojiano, kwa mfano kwa kudai wana ushahidi ambao hawana.